Inveta nyepesi: faida ipo, lakini ujue kilichomo tumboni

Mfanyabiashara anayesimama Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Tunduma, atakuta katika maduka ya vifaa vya umeme boksi mbili zilizoandikwa wati 1,000. Moja ina kilo kumi na zaidi, na muuzaji huishusha rafuni kwa mikono miwili huku akiguna. Nyingine ina kilo mbili au tatu, na mtoto wa shule anaweza kuibeba kama daftari. Ile nyepesi bei yake ni ya chini, na ndiyo inayopanda magari ya Njombe, Ikonda na Makete kwa wingi.

Wateja wengi huamini kuwa nyepesi ni feki na nzito ni halisi. Imani hiyo imewakosesha faida wauzaji wengi. Wapo pia walioamini kinyume chake, wakajaza stoo bidhaa nyepesi zisizouzika mara ya pili. Ukweli uko ndani ya boksi, katika kifaa kiitwacho transfoma.

Kazi ya transfoma ni kupandisha au kushusha volti. Waya wa upande mmoja huzungushwa kwenye kiini cha sumaku, na waya wa upande wa pili huzungushwa juu ya kiini hicho hicho. Volti inayopatikana katika kila mzunguko wa waya hutegemea mambo matatu: unene wa kiini, nguvu ya sumaku ambayo kiini kinaweza kuhimili kabla ya kushiba, na mara ngapi kwa sekunde sumaku hiyo inageuzwa huku na huku. Umeme wa gridi yetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Ndani ya inveta nyepesi, transista huukatakata umeme wa betri mara 50,000 kwa sekunde, nyingine zaidi.

Tufanye hesabu ya dukani. Kiini cha bati za chuma cha silikoni chenye eneo la sentimeta za mraba 10, kikiendeshwa kwa hezi 50 na sumaku ya tesla 1.4, hutoa volti 0.31 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo ukitaka volti 230 unahitaji mizunguko ipatayo 740 ya waya wa shaba. Sasa chukua kiini kidogo cha sentimeta za mraba 2 tu, sumaku iwe hafifu ya tesla 0.1, lakini kigeuzwe mara 50,000 kwa sekunde. Kila mzunguko hutoa volti 4. Betri ya volti 12 inahitaji mizunguko mitatu tu, na upande wa pili mizunguko 85 inatosha kutoa volti 340, ambazo baadaye hukatwa na kuwa umeme wa kawaida wa volti 230. Kilo za chuma na shaba zimeondoka, na hakuna aliyeibiwa. Aliyelipia chuma na shaba kwa uzito anajua maana yake, kwani Mei 2024 tani moja ya shaba katika soko la London ilipita dola 11,000 za Kimarekani, rekodi ya wakati huo.

Hata hivyo, chuma cha kawaida hakiwezi kazi ya kasi hiyo. Kila kinapogeuzwa hula nishati kidogo na kuitoa kama joto, na mikondo midogo huzunguka ndani ya bati zenyewe. Mwaka 1892 mhandisi Charles Proteus Steinmetz, aliyekuwa Marekani, alitoa kanuni ya kukadiria upotevu huo, na wasanifu wa transfoma wanaitumia mpaka leo kwa marekebisho. Dawa ilipatikana Japani mwaka 1930, pale Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Chuo cha Teknolojia cha Tokyo walipotengeneza feraiti. Kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuifanya biashara. Feraiti ya leo ya kazi hii ni unga wa oksaidi ya chuma, manganizi na zinki, unaogandamizwa katika umbo na kuchomwa kwenye tanuru. Umeme haupiti kirahisi ndani yake, kwa hiyo ile mikondo ya ndani huwa midogo sana.

Msomaji aangalie neno hilo la tanuru. Feraiti ni ndugu wa chungu na kikombe cha udongo. Chuma kikianguka hupinda, feraiti ikianguka hupasuka.

Mwandishi wa safu hii aliyajua hayo kwa hasara. Alinunua inveta sita kwa muuzaji wa jumla, akazipakia juu ya magunia kwenye lori lililokuwa linapanda Makete, na mbili hazikufika zikiwa hai. Moja haikuwaka kabisa. Nyingine iliwaka, ikaunguruma, ikatoa harufu ndani ya dakika kumi. Fundi alipofungua akaonyesha mstari mwembamba kama unywele katikati ya kiini. Ufa wa namna hiyo huweka pengo la hewa katika njia ya sumaku. Hapo mkondo wa kuamshia sumaku hupanda, transista hubeba mzigo zisioupangiwa, na zikipasuka huondoka pamoja na fyuzi. Muuzaji alisema bidhaa ilitoka dukani ikiwa nzima, na kwa kuwa hakuna aliyeijaribu pale kaunta, hakukuwa na hoja ya kumjibu.

Tangu siku hiyo utaratibu ni kutikisa kila boksi karibu na sikio. Kitu kikicheza ndani, rudisha. Mzigo ufungwe kwa matambara au majani makavu, ukae katikati ya gari, usikae nyuma ya ekseli. Hii ni gharama ndogo kuliko inveta mbili.

Tatizo la pili ni uchoyo wa kiwandani. Mtengenezaji mwaminifu hutafuta mizani kati ya joto la waya na joto la kiini. Akipunguza mizunguko, waya unapoa lakini kiini kinabanwa, na kwa feraiti ukiongeza nguvu ya sumaku mara mbili upotevu hupanda mara tano hadi sita. Akiongeza mizunguko, kiini kinapoa lakini waya mrefu na mwembamba unachemka. Pale joto la pande mbili linapokaribiana ndipo penye transfoma nzuri. Mtengenezaji mwenye haraka hachezi na mizani hiyo. Anachukua kiini cha wati 500, anapunguza mizunguko, anabandika karatasi ya wati 1,000.

Kiini hicho kinafanya kazi vizuri dukani, kwenye taa moja na redio. Kikipewa mzigo kamili kinapata moto, na hapo ndipo hatari ilipo. Feraiti ya umeme mkubwa imetengenezwa ili upotevu wake uwe mdogo kabisa kati ya nyuzi 80 na 100 za sentigredi. Ikivuka hapo upotevu hupanda tena, na uwezo wake wa kubeba sumaku unashuka. Joto huzaa joto.

Waya nao una siri yake. Kwa kasi ya mara 100,000 kwa sekunde, umeme hautembei katikati ya waya, hutembea juu juu kwa kina cha milimeta 0.2 tu. Waya mmoja mnene wa shaba ni hasara, kwani moyo wake haufanyi kazi. Ndiyo maana transfoma nzuri ina nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa kama kamba, kila moja ikiwa na vanishi yake, au ina utepe bapa wa shaba. Fundi akikufungulia na ukaona waya mmoja mnene kama wa nyumba, uliza maswali. Wapo pia wanaotumia alumini iliyopakwa rangi ya shaba, maana bei yake ni kama robo ya shaba na umeme inaupitisha kwa asilimia 61 tu. Kwaruza kwa wembe mwisho wa waya; rangi nyeupe ikitokea umejua.

Huhitaji kufungua boksi ili kumkamata mwongo. Wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni ampea 83, na ukiweka upotevu wa njiani zinakaribia 95. Waya mwekundu na mweusi zinazokuja na mashine kama ni nyembamba kama za spika ya redio, wati 1,000 hazipo. Hesabu na fyuzi. Mashine iliyoandikwa wati 2,000 yenye fyuzi mbili za ampea 40 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 960 bila kuzikata. Maandishi ya boksi mara nyingi ni ya sekunde chache za mwanzo, si ya kazi ya saa nzima.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa mashine za kuchomelea, ambazo kwa mji wenye gereji, madirisha ya nondo na matela ya kubebea mbao kama Makambako ni biashara kubwa kuliko inveta. Mashine ya zamani ya chuma na shaba ilihitaji watu wawili kuihamisha. Ya sasa inaning'inizwa begani, na fundi anapanda nayo juu ya paa. Lakini kuchomelea kwa ampea 200 kunahitaji volti 28 kwenye fimbo, yaani wati 5,600. Plagi ya kawaida ya ampea 13, hata kwa hesabu ya ukarimu, haifikishi zaidi ya ampea 100 na ushee kwenye fimbo. Mashine yenye plagi hiyo na maandishi ya ampea 300 inamtania mnunuzi. Atazame pia asilimia ya muda wa kazi: 60 maana yake ni dakika sita za kuchomelea katika kila dakika kumi, nne za kupumzika.

Nyanda zetu zina jambo lake. Njombe na Ikonda ziko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Wengi hudhani baridi ya huku inatosha kupoza kila kitu. Kweli baridi inasaidia, lakini hewa ya urefu huo ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam, na feni inayosukuma hewa nyepesi haipozi sawasawa. Vifaa vingi vimekadiriwa kwa mita 1,000 kwenda chini. Wakati wa kumshauri mteja wa Makete, ni busara kumpa saizi ya juu kidogo kuliko anayoihesabu. Isitoshe, mashine iliyolala kwenye baridi kisha ikaingizwa jikoni penye mvuke hupata umande ndani. Iache saa moja kabla ya kuiwasha.

Je, nzito imekufa? Hapana. Friji, pampu na mota ya msumeno huvuta wakati wa kuanza mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Chuma kinavumilia kwa sekunde kadhaa, lakini transista za mashine nyepesi zikizidiwa hufa kabla mwenye nyumba hajafika kwenye swichi. Mteja wa kinyozi, kuchaji simu, taa na televisheni auziwe nyepesi. Mwenye friji la soda auziwe nzito au nyepesi ya mara tatu ya wati za friji.

Lipo na suala la thamani ya baadaye, ambalo wawekezaji wadogo hulisahau. Transfoma ya chuma ikiungua fundi anaisuka upya, na ikishindikana kabisa shaba yake inapimwa kwa kilo. Kiini cha feraiti kilichopasuka hakina mnunuzi hata mmoja. Kwa hiyo anayekopa kununua mashine nyepesi kumi za kukodisha ahesabu kuwa mwisho wa maisha yake atabaki na maboksi ya plastiki. Biashara hiyo inalipa kama fedha imerudi mapema.

Soko lenyewe linabadilika. Tangu Songea ilipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, mteja wa ukanda huu si yule tu asiye na umeme. Ni yule mwenye umeme anayetaka usikatike: duka la dawa, stesheni ya mafuta, zahanati. Na aliyewahi kusindikiza mgonjwa hadi Hospitali ya Consolata Ikonda, inayopokea watu kutoka mikoa ya mbali, anajua kuwa hospitali haiwezi kungoja umeme urudi. Hata mashine za eksirei za kisasa zinapata maelfu yao ya volti kwa transfoma za aina hii hii ya kasi, ndiyo maana zimepungua ukubwa.

Kwa anayeagiza mzigo, cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa, ambao Shirika la Viwango Tanzania limekuwa likiutaka tangu 2012, kiombwe kwa muuzaji wa jumla na nakala ibaki dukani. Kisha patana naye kwa maandishi kabla ya kulipa: kila mashine ijazwe mzigo wa glopu tano za wati 100 kwa nusu saa mbele yako, na inayofika ikiwa na ufa ibadilishwe ndani ya siku saba. Muuzaji akikataa jaribio la nusu saa, duka la pili liko hatua chache tu.