Hukumu ya Kumrudisha Kazini Farasi Aliyechechemea

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa masuala yanayodhaniwa kuwa madogo ni hili: Farasi amechechemea kidogo, akapumzishwa siku chache, na sasa anakwenda vizuri zizini. Mwenyewe anahitaji kipato. Je, yatosha kumtandika na kumrudisha katika kazi yake ile ile? Wako wanaosema kuwa kuchechemea kwepesi kumesamehewa na sheria, wakitegemea hukumu ya mnyama wa udh-hiya. Katika makala haya tutaonyesha kuwa kipimo hicho hakikuwekwa mahali pake, kisha tutaeleza njia iliyo salama kwa mnyama na kwa dini ya mwenye mnyama.

1. Tofauti baina ya udh-hiya na kazi

Katika Hadithi ya Al-Bara bin Azib (R.A.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, ametajwa miongoni mwa wanyama wanne wasiofaa kwa udh-hiya yule ambaye kuchechemea kwake ni dhahiri. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamefafanua kuwa dhahiri ni kule kunakomfanya mnyama aachwe nyuma na wenzake waendapo malishoni. Kulikopungua hapo hakudhuru.

Lakini ndugu msomaji azingatie sababu ya hukumu. Kilichotazamwa hapo ni nyama na ukamilifu wa ibada, na mnyama huyo hatafanya kazi kesho. Farasi wa kazi anatazamwa kwa jambo jingine, nalo ni uwezo wake wa kustahimili. Kuchechemea kwepesi leo kukibebeshwa mzigo huweza kuwa ulemavu wa kudumu kesho. Kwa hiyo hakuna kiasi (qiyas) hapa, kwa kuwa sababu za hukumu mbili hizi ni tofauti.

2. Haki ya mnyama asiyeweza kusema

Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (R.A.) kisa cha ngamia aliyelia alipomwona Mtume (S.A.W.). Mtume akamkumbusha mwenyewe kumcha Allah juu ya mnyama aliyemilikishwa, akamweleza kuwa amemshitaki kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Na katika Hadithi ya Sahl bin Al-Handhaliyya (R.A.) imekuja amri ya kuwapanda wanyama hawa wasioweza kusema wakiwa katika hali nzuri.

Kutokana na dalili kama hizi, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza katika Raudha kuwa haijuzu kumkalifisha mnyama asichokiweza, iwe ni kwa uzito wa mzigo au kwa kumwendesha mfululizo bila kupumzika. Na katika Minhaj, kitabu kinachosomwa sana katika darsa za pwani yetu, amesema kuwa anayekataa kumlisha mnyama wake hulazimishwa kumlisha au kumuuza, na anayeliwa nyama huweza pia kuchinjwa. Haki ya mnyama basi si hisani tu. Kadhi anaweza kuisimamia.

3. Funzo la mbio za Madina

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi waliokwisha kuzoezwa kutoka Al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, na ambao hawajazoezwa kutoka Thaniyyatul-Wadaa hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Sufyan amesema kuwa masafa ya kwanza ni maili 5 au 6, na ya pili ni maili 1.

Mazoezi hayo huitwa tadhmir. Washereheshaji wameeleza kuwa farasi hulishwa hadi anenepe, kisha chakula hupunguzwa, hufunikwa mablanketi atoke jasho, na nyama yake ikakaza. Hadithi hii haikuja kuzungumzia farasi mgonjwa. Hata hivyo inatufundisha kuwa farasi wawili hawapewi masafa mamoja ikiwa maandalizi yao ni tofauti. Na farasi aliyetoka kupumzika kwa maradhi, hata kama zamani alikuwa hodari, leo ni katika wale ambao hawajazoezwa.

4. Kumrudisha kwa daraja

Waislamu waliufanya utabibu wa wanyama (baytara) kuwa elimu yenye vitabu. Ibn Akhi Hizam aliandika katika karne ya 3 Hijria, na Abu Bakr bin Badr alimwandikia Sultani An-Nasir Muhammad bin Qalawun wa Misri kitabu kinachojulikana kwa jina la An-Nasiri. Ash-Shaizari, aliyeandika juu ya hisba katika karne ya 6 Hijria, ameweka mlango maalumu wa matabibu wa wanyama. Humo amewatahadharisha wasikaze mno misumari ya chuma cha kwato wakamlemaza mnyama, na akawabebesha fidia wanaotibu bila ujuzi.

Kwa mujibu wa wataalamu wa leo, hatua ni hizi:

(a) Kujua sababu. Mara nyingi ni kwato: msumari, jiwe au usaha ndani yake. Lakini huenda ikawa kano iliyochanika, nayo huhitaji miezi mingi, mara nyingi 9 hadi 12. Hapa huulizwa daktari wa mifugo.

(b) Kumpima akiwa hana dawa ya maumivu mwilini. Aendeshwe kwa telki, yaani mbio ndogo, juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Ikiwa tatizo liko mguu wa mbele, kichwa huinuka anapoukanyagia mguu mbovu na hushuka anapoukanyagia mzima.

(c) Kuanza kwa kutembea, akishikwa hatamu bila mpandaji, dakika 10 hadi 15, na kuongeza dakika kidogo kidogo. Telki hufuata baadaye, katika mstari ulionyooka. Mizunguko midogo, mchanga mzito na mbio za shoti huachwa hadi mwisho.

(d) Kupapasa miguu kila asubuhi. Joto jipya, uvimbe au kuchechemea tena ni amri ya kurudi nyuma.

(e) Kupunguza nafaka siku za mapumziko na kuirudisha polepole kadiri kazi inavyoongezeka. Farasi aliyepumzika huku akila shayiri yake kamili huweza kukakamaa misuli vibaya siku ya kwanza ya kazi.

5. Kukodisha na kuuza

Aliyekodi farasi maalumu, kisha akachechemea kiasi cha kuathiri safari, ana hiari ya kuvunja mkataba. Wala mwenye farasi hana haki ya kumlazimisha aendelee naye. Na aliyekodi kwa kubeba ratili 100 akabeba 110, Minhaj inamlazimisha ujira wa ziada hiyo. Mnyama akifa kwa sababu hiyo na mwenyewe hayupo naye, basi huyo mpangaji hudhamini.

Ama kumpa farasi dawa ya maumivu ili mnunuzi asione kuchechemea, hiyo ni ghushi ya wazi. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Muslim, aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini, akajitenga na anayeghushi. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa ana haki ya kumrudisha mnyama.

Hitimisho

Kutokana na hayo tunaona kuwa haijuzu kumrudisha farasi katika kazi kamili kwa kutazama tu kuwa kuchechemea ni kwepesi. Kinachotazamwa ni uwezo wake, kwa ushahidi wa mjuzi na kwa daraja. Mwenye dhiki ya kipato anaruhusiwa kumtumia katika kazi nyepesi kadiri daktari alivyoruhusu, si zaidi. Katika miji yetu ya pwani farasi ni wachache, lakini punda wanaobeba mawe na mchanga Lamu na kwingineko wako chini ya hukumu hii hii. Mwenye punda aliyechechemea jana na amtazame leo kabla ya kumpakia.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.