Kiharusi cha Kuvuja Damu: Saa ya Kwanza Mikononi mwa Muuguzi

Mtu aliyeamka mzima na kwenda shambani anaweza kushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, akatapika, mdomo ukapinda na mkono mmoja ukalegea. Jamaa zake wakimkimbiza kwa pikipiki hadi zahanati ya jirani na Kiloleli, mkoani Simiyu, anayewapokea mara nyingi ni muuguzi. Hapo hapana mashine ya CT, na bila picha hiyo haiwezekani kujua kwa hakika kama mshipa wa ubongo umepasuka au umeziba. Hata hivyo, yapo mengi ya kufanya, na machache ya kujizuia nayo.

La kwanza ni njia ya hewa. Asiye na fahamu alazwe ubavu, na matapishi yaondolewe kinywani. Mwenye fahamu ainuliwe kichwa nyuzi 30, shingo ikiwa imenyooka, ili shinikizo ndani ya fuvu lisizidi. Oksijeni itolewe ikiwa kiwango chake katika damu kiko chini ya asilimia 94. La pili, sukari ipimwe papo hapo, kwa kuwa upungufu wake huweza kuiga kiharusi, nao hutibika kwa dakika chache. Kisha fahamu, mboni za macho na shinikizo la damu vikaguliwe kila dakika 15 na kuandikwa, pamoja na joto la mwili.

Mgonjwa asipewe uji, maji wala vidonge kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa, maana chakula huweza kuingia mapafuni. Aspirini isitolewe, kwani huweza kuzidisha uvujaji. Wala shinikizo lisishushwe kwa pupa bila agizo la daktari. Utafiti uliofanywa China ndani ya magari ya wagonjwa na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kulishusha kabla ya picha kuliwafaa waliovuja damu, lakini kuliwadhuru walioziba mshipa.

Picha ikishapatikana katika hospitali kubwa, kama Bugando jijini Mwanza, haraka huwa na faida. Utafiti wa INTERACT3 wa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, ulijaribu mambo manne kwa pamoja: kushusha shinikizo la juu chini ya 140 ndani ya saa moja, kudhibiti sukari, kuzuia homa, na kuondoa athari za dawa zinazozuia damu kuganda. Vifo na ulemavu vilipungua. Mafanikio hayo yalitegemea sana upimaji wa mara kwa mara, ambao ni kazi ya muuguzi.

Kwa ndugu wa mgonjwa, wajibu ni kutongoja kupambazuke, na kukumbuka jibu la swali moja watakaloulizwa kila wafikapo: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Muuguzi aiandike saa hiyo juu kabisa ya barua ya rufaa.