Nilipanda Kibo kulala barafuni, kichwa kikaniumbua

Kwetu Bariadi barafu ni ile ya ukwaju. Unang'ata kona ya kifuko, unanyonya, huku jua la Simiyu likikupasua utosi. Kwa hiyo niliposikia kuna safari ya kuongozwa ambapo unapiga hema kando ya barafu yenyewe, ndani ya kreta ya Kibo, nikasema potelea mbali, hela ya pamba ina kazi gani nyingine?

Wenzangu, nendeni mkijua. Kambi ile iko kama mita 5,700 kutoka usawa wa bahari. Siku ya sita tulifika Stella Point, tukateremka ndani ya kreta, na hapo nikauona: ukuta mweupe umesimama juu ya mchanga mkavu, utadhani mtu kausahau pale. Unaitwa Furtwängler, jina la Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1912. Tangu mwaka huo mpaka 2000 barafu ya mlima mzima ilipungua kutoka kilometa za mraba 12 hivi hadi kama 2.5. Niliushika bila glovu, ngozi ikataka kubaki.

Kasheshe likaanza jioni. Kichwa kinagonga kama ngoma za Wagika na Wagalu zikishindana. Supu nikaimwaga nyuma ya hema, nikajifanya nimeimaliza. Kiongozi wetu, kaka mmoja wa Machame, akaniangalia tu.

“Mdogo wangu, umetapika?”

“Hapana kaka, niko fiti.”

“Hebu lete kidole.”

Kile kibano cha kupima oksijeni hakina urafiki. Akaniambia nitembee mstari ulionyooka. Nikayumba kama mlevi wa gongo.

Kumbe ubaya wa kreta ni huu: ukizidiwa huwezi kuteremka moja kwa moja. Lazima kwanza upande mpaka ukingoni, kwa miguu yako hiyo hiyo iliyokwisha, ndipo uanze kushuka. Ukichelewa, mapafu au ubongo vinajaa maji, na hapo habari yako imekwisha. Mimi nilishachelewa masaa matatu, kisa aibu!

Saa tano usiku tukaondoka, yeye mbele, mpagazi mmoja nyuma kanishika mkanda. Sikumbuki mengi. Nakumbuka nyota, na sauti yake: “Pole pole, Msukuma. Hatua moja.” Tulipofika kambi ya mita 4,673 kichwa kikaachia, nikalala kama gunia.

Kambi hiyo inaitwa Barafu. Kwa hiyo washikaji wa Bariadi wakiniuliza kama kweli nililala barafu, nawajibu ndiyo, Barafu nililala, halafu nabadilisha mada.