Kilimi cha Shaba katika Tundu la Redio

Huwaje redio nzima, iliyotiwa mawe mapya yaliyotoka dukani asubuhi hiyohiyo, ikakaa kimya kama iliyosusa? Suala hili lilinikaa rohoni tangu nilipomwona mama mmoja, katika soko la Konyo Konyo hapa Juba, akiyatoa mawe manne ya redio yake, akiyafuta kwa ncha ya leso, akiyarejesha, kisha akiyatoa tena kwa ghadhabu ya mtu aliyelipia kitu asikipate. Alikuwa amekwisha kuyabadilisha mara mbili. Fundi hakumwuliza habari za mawe hata kidogo. Aliigeuza redio, akakitazama kile kitundu cha ubavuni kinachoingizwa adapta, akapuliza.

Fundi huyu, ambaye Kiswahili chake alikiokota Kakuma, katika ile kambi ya Turkana iliyofunguliwa mwaka 1992, na ambaye huniita ustadh ilhali yeye ndiye afundishaye, alinieleza ya kwamba ndani ya kitundu hicho mna kilimi cha shaba, chembamba kuliko ukucha. Tundu likiwa tupu, kilimi hujilaza juu ya kipande kingine cha shaba, na umeme wa mawe hupita hapo kuingia mwilini mwa redio. Na pindi ncha ya adapta iingiapo, hukisukuma kilimi kikaachana na mwenziwe, mawe yakakatwa, redio ikaanza kunywa kutoka ukutani. Hakuna kitufe cha kubonyeza, wala mwenye redio hajui kwamba amechagua lolote.

Sasa basi, vumbi la kiangazi huingia humo likatuama. Unyevu wa masika huleta kutu ya kijani. Au mtoto huishindilia adapta kwa nguvu, kilimi kikapinda kisirudi mahali pake. Hapo mawe, hata yangekuwa mapya namna gani, umeme wake huishia mlangoni. Na balaa ni kuwa redio hiyohiyo ikitiwa adapta huimba vizuri kabisa, kwa hiyo mwenyewe huapa kwamba mawe ya siku hizi ni ya uongo, akaenda kugombana na mwenye duka asiye na hatia. Dawa ya fundi ni karatasi laini ya msasa, aliyoikata kipande chembamba mfano wa njiti ya kiberiti: hukipitisha kati ya kilimi na mwenziwe, akakivuta taratibu, akakigeuza, akakivuta tena, kisha akakinyanyua kilimi kwa ncha ya sindano kadiri ya unywele, akagusisha nyaya mbili za mita yake na kutega sikio. Mita ikilia, kazi imekwisha. Ile ya mama ililia, na sauti ya Redio Miraya, inayosikika Juba tangu mwaka 2006, ikafuatia katikati ya habari.

Lipo na kosa la kinyume chake, nalo ni baya zaidi. Kilimi kikinata kisibanduke, umeme wa adapta huyaendea mawe, ambayo hayakuumbwa kuchajiwa. Yakapata joto, yakatoa jasho, na kile kikopo cha zinki, ambacho ndicho chombo na ndicho chakula cha jiwe lenyewe, kikaliwa hadi kutoboka, majimaji yake yakazila springi. Fundi ana redio za namna hiyo chini ya meza, na huzionyesha kwa huzuni isiyo ya kuigiza.

Kilimi hicho ndicho kinachoeleza pia fumbo la alama iliyochorwa kando ya tundu, ile nukta ndani ya nusu duara. Redio nyingi za Japani huweka hasi katikati na chanya pembezoni, kwa sababu upande wa pembezoni ndio ukatwao na kilimi. Adapta zinazouzwa sasa, aghalabu, huweka chanya katikati. Asiyejali akachomeka hulipa kwa moshi. Fauka ya hayo, zile adapta rahisi zenye swichi ya kuchagua volti 3 hadi 12 husema zisiyoyatenda: ukiiweka kwenye 6, mita yake hupanda hadi 9 na ziada kabla adapta haijabeba mzigo. Kwa hiyo fundi hupima kwanza na kuchomeka baadaye, na hashughulishwi na maandishi ya kiwandani.

Nilimwuliza kwa nini wazee wengi hushikilia mawe hata baada ya mtambo wa umeme wa kampuni ya Ezra, wa megawati 33, kuanza kuwasha baadhi ya mitaa ya Juba mwaka 2019. Mbali na kukatika kwa umeme na kukosekana kwake, alinirudisha Kakuma, jioni walipokuwa wakiitafuta Sudan Radio Service, iliyoanza mwaka 2003 ikirushwa kwa masafa mafupi, kabla haijazaa Eye Radio ya hapa. Adapta nyepesi za kisasa huukatakata umeme maelfu na maelfu ya mara kwa sekunde moja, na uchafu wa kukata huko humwagika juu ya masafa mafupi ukayafunika; mawe hayana kelele. FM haisumbuliwi kiasi hicho, walakini mazoea yamebaki.

Vijana wamekwisha kuhamia betri za simu kuukuu. Kwa redio ya mawe mawili, yaani volti 3, betri hiyo ya volti 3.7 huzidi kidogo, naye fundi huunga diodi moja njiani ipunguze. Mawe yaliyokufa hujaa katika debe lililo karibu na miguu yake. Nilitaka kujua yaendako; alisema debe likijaa hulimwaga mahali wamwagapo wengine, na hakuna aliyepata kumwambia pengine pa kuyapeleka.

Ujira ndio asio na dawa yake. Mteja aliyebadilishiwa spika huiona spika mpya, hulipa. Aliyepitishiwa msasa haoni kilichoongezwa. Fundi hudai pungufu ya bei ya mawe manne, na bado hubishiwa, na wapo wamwambiao kwamba kupuliza tundu hata wao wangaliweza. Nilimwuliza mbona basi asiwafundishe wateja wapulize na kusugua wenyewe, wapumzike na gharama. Alinijibu, naye hakuacha kusugua, kwamba gazeti hunilipa kwa maneno; je, kuna hata moja katika hayo ambalo wasomaji wangu hawalijui tangu utotoni?