Ua la Mwambani na Fuko wa Shambani

Wakulima wa milima ya Usambara, watazameni viumbe wawili walio jirani zenu. Mmoja mwamjua na kumchukia; wa pili pengine mwampita mwendapo kuteka maji, wala hamumtazami.

Wa kwanza ni fuko. Huishi peke yake chini ya ardhi, huchimba kwa meno, na midomo yake hufumba nyuma ya meno hayo ili udongo usimwingie kinywani. Hula viazi na mihogo kutoka chini, hata mkulima ajapo kuvuna hukuta majani juu na shimo tupu chini. Hasara hiyo ni kubwa, lakini dawa yake ipo. Fukueni njia yake. Fuko hapendi mlango wazi, naye atarudi kuuziba. Hapo tegeni kitanzi.

Wa pili ni ua dogo la rangi ya urujuani, katikati manjano, lenye majani ya manyoya. Humea juu ya miamba yenye unyevu, kivulini mwa msitu. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa Ujerumani aliliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo wa Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga. Leo hupandwa katika vyungu madirishani mwa Ulaya na Marekani. Bali kwao kwa asili ni Tanzania na Kenya tu, na aina nyingine hupatikana mahali pachache mno.

Sasa pimeni. Fuko akifukuzwa hapa, huchimba pale. Ua halina pa kukimbilia. Mizizi yake imeshika udongo mwembamba juu ya jiwe. Miti ikikatwa, jua huukausha mwamba, na ua hufa. Kisha mvua huuchukua udongo ule, kijito hujaa matope, na mashamba ya chini hupata hasara.

Basi mtegeeni fuko, wala msichoke. Lakini miti iliyo juu ya miamba na kandokando ya vijito msiikate, wala msiwashe moto karibu nayo. Atakaye ua hilo nyumbani asiling'oe: jani moja na kikonyo chake, likichomekwa katika udongo wenye unyevu kivulini, hutoa mizizi na kuwa mche mpya.

Fuko hula kiazi cha msimu mmoja; shoka hula maji ya wajukuu.