Shangazi aliugua nini hasa? Uliza kabla hujachelewa

UMEWAHI kusoma tangazo la kifo cha jamaa yako ukakuta tu kwamba aliaga “baada ya kuugua kwa muda mrefu”? Kuugua nini? Hakuna anayesema. Matangani watu wananong’ona, wengine wanadai alirogwa, na wewe kijana unatumwa ukalete viti.

Kama nyanya, shangazi na binamu yako wote waliondoka hivyo, kimya hicho kinaweza kukugharimu.

Tuelewane kwanza: saratani nyingi hazirithiwi. Ni kama asilimia 5 hadi 10 tu zinazotokana na hitilafu ya jeni ambayo mtu alizaliwa nayo. Kwa hivyo babu aliyevuta sigara miaka 40 akapata saratani ya mapafu uzeeni asikukoseshe usingizi.

Cha kutilia shaka ni mama aliyepata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 50. Au jamaa wawili watatu wa upande mmoja waliougua ya matiti, ovari, kongosho ama tezi dume. Au mwanamume mwenye saratani ya matiti (ndiyo, wanaume huipata). Ya utumbo mpana na ya mji wa mimba zikiandamana katika ukoo mmoja, hapo pia mweleze daktari.

Wavulana, msiruke hapa mkidhani ni mambo ya akina dada. Hitilafu katika jeni za BRCA1 na BRCA2 hupitishwa na baba sawa na mama, na kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Ndiyo maana ugonjwa wa dada za baba una uzito sawa na wa dada za mama. Wengi huuliza upande wa mama pekee, na hapo ndipo hupotea.

Kipimo chenyewe ni damu au mate tu. Kazi iko kwenye bei, na kwenye kuelewa majibu. Ikiwezekana, apimwe kwanza yule aliyeugua, angali hai. Hitilafu ikijulikana kwake, nyinyi wengine mtatafutiwa hiyo moja, na gharama kwa kawaida huwa nafuu. Ukianza wewe mzima na majibu yatoke safi, huenda usijue kama umeponea ama ukoo wenu una jeni nyingine ambayo haikuonekana.

Na usikimbilie vile vifaa vya mate vya mtandaoni. Baadhi hukagua mabadiliko machache tu, yale yanayopatikana sana kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya. Hayo yatakusaidia nini wewe wa Kakamega?

Ukipatikana nayo, si lazima ufanye kama mwigizaji Angelina Jolie, aliyetangaza 2013 kwamba ameondolewa matiti yote mawili. Wengine huchagua kupigwa picha za MRI kila mwaka. Mtajadiliana na daktari.

Kwa sasa unahitaji mambo matatu kwenye simu yako: nani aliugua, saratani ya wapi, na iligunduliwa akiwa na miaka mingapi. Shangazi huenda akafoka, “Wewe mtoto unachimba nini?” Mpelekee sukari na majani ya chai, msaidie kuosha vyombo, kisha umuulize tena, polepole.