Kunguni wa Nyumba ya Kupanga

Mama mmoja alifika kliniki ya ngozi akiwa na vyeti vitatu mkononi, vyote vimeandikwa upele. Kwa miezi minne yeye na wanawe wawili walikuwa wakijipaka losheni, na bado kila kukicha waliamka na vipele vipya. Nilimtazama katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, mahali ambapo mdudu wa upele hupenda kuchimba vijia vyake. Ngozi ilikuwa safi. Vipele vilikuwa mikononi, shingoni na mabegani, vitatu au vinne vimejipanga mstari kama vifungo vya shati. Nilipomuuliza kama kitandani kuna kunguni, aliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye aliona haya kusema.

Haya hiyo haina msingi. Kunguni hatafuti uchafu. Hutafuta damu, na huongozwa na joto la mwili na hewa tunayoitoa puani. Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari nililala nao bwenini mwaka mzima, na shuka zangu zilikuwa safi. Haijathibitishwa kwamba kunguni huambukiza binadamu maradhi katika maisha ya kawaida, lakini asidharauliwe kwa sababu hiyo. Ngozi iliyokunwa hupata vidonda na usaha, na bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kusababisha madhara ya figo, hasa kwa watoto. Wanapokuwa wengi mno, hunyonya damu kiasi cha kuchangia upungufu wake.

Siku ile nilifanya kosa. Nilimwambia, "Pulizeni dawa nyumbani," nikamwita mgonjwa anayefuata.

Alinunua dawa kwa mchuuzi, kimiminika cheupe kama maziwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, bila lebo. Alipuliza godoro jioni, wakafunga dirisha wakalala. Alfajiri mtoto wake wa miaka mitatu alifikishwa idara ya dharura akitokwa mate na jasho, akipumua kwa shida, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Wahudumu wenzangu watazitambua dalili hizo: ni sumu ya viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, ambavyo vingi hutengenezwa kwa ajili ya mashamba. Alipewa oksijeni na atropini, akapona baada ya siku nne.

Ikitokea hivyo nyumbani, mtoe mgonjwa penye hewa safi, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, kisha mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Na vile vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani visiingizwe kamwe chumba cha kulala. Gesi yake huua, hupenya hadi kwa jirani, na haina dawa ya kuizimua.

Hata dawa halali mara nyingi hushindwa. Kunguni wengi wamejenga usugu dhidi ya viuadudu vya kiwandani vya jamii ya pareto, ambavyo ndivyo vilivyomo katika makopo mengi ya kupuliza na katika vyandarua vyenye dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha usugu huo kwa kunguni wa hapa Tanzania, katika maeneo yaliyotumia vyandarua hivyo. Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba chandarua ndicho kinacholeta kunguni, wakakitupa. Kifueni chandarua na mkitumie; malaria huua.

Narudi kwenye nyumba yenyewe, kwa maana ndiyo mgonjwa. Nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam zina vyumba sita au nane vinavyotazamana kwenye korido moja chini ya paa moja, na aghalabu kuta za ndani hazifiki juu. Ukipuliza chumba kimoja, kunguni watahamia cha pili, kisha watarudi. Mwenye nyumba alimwambia mama yule kwamba yeye ndiye aliyewaleta, basi ahame. Kodi ya miezi sita ilikuwa imekwisha kulipwa. Angehama, kunguni wangemfuata ndani ya godoro na makochi, na mpangaji mpya angewakuta waliobaki nyufani. Nani aliwaleta ni swali ambalo mara nyingi halina jibu, na kulijadili huwapa kunguni muda: jike mmoja hutaga mayai mamia maishani mwake.

Kilichosaidia ni afisa afya wa kata, ambaye kazi yake ni pamoja na kukagua makazi. Aliwakalisha wapangaji wote na mwenye nyumba uani, wakakubaliana siku moja ya kazi kwa vyumba vyote. Vitanda vilifunguliwa, chaga na mishono ya magodoro ikakaguliwa kwa tochi: vitone vyeusi vya kinyesi, magamba, mayai meupe ya milimita moja. Chaga zilimwagiwa maji yanayochemka. Nguo na shuka zililowekwa katika maji ya moto. Nyuzi joto 60 huua kunguni na mayai yake. Kuanika godoro juani pekee hakutoshi, kwani wadudu hukimbilia upande wa kivuli. Mwenye nyumba alilipia saruji ya kuziba nyufa na fundi mwenye dawa iliyosajiliwa, na hakuna aliyelala ndani hadi vyumba vilipokauka na kupata hewa.

Baada ya wiki mbili kazi ilirudiwa yote. Dawa nyingi haziui mayai, nayo katika joto letu huanguliwa kati ya siku sita na kumi. Anayepuliza mara moja tu huwa amewaachia watoto wao nyumba.

Siku hizi, kabla sijaandika losheni ya upele, huuliza maswali matatu: unalala wapi, chumba kina majirani wangapi, na mmekwisha kupuliza nini? Mama yule alirudi mwezi wa tatu baadaye. Mikono yake ilikuwa na makovu ya zamani tu. Chumba cha mwisho koridoni, alisema, kimepata mpangaji mpya mwenye godoro la mtumba, na wenzake wamemwomba wakalikague kabla halijaingizwa ndani.